Macho ya Kitabu Kimoja

Daktari wa macho alimwambia shemeji yangu Iraj ukweli wote kwa sauti ya mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Doa lililoota katikati ya macho yake litazidi kukua, dawa zitalichelewesha tu, na theluji ya Hamadan ikishayeyuka hataweza tena kusoma. Mlango atauona. Mti atauona, na mtu akija atajua kuna mtu. Herufi ndizo zitakazoondoka.

"Nikikutazama usoni nitayaona masikio," alitueleza aliporudi, huku akivua koti, "lakini pua siioni." Akacheka. Dada yangu Mahin akaingia jikoni, akafungulia bomba la maji, wala hakuosha chochote.

"Afadhali, shemeji," nikamwambia. "Uso wenyewe huu umeshachoka, hauna cha kutazamwa."

"Masikio yanatosha, Nahid. Ndiyo yanayofanya kazi kuliko viungo vyako vyote."

Mimi naishi juu yao, ghorofa ya pili, tangu nilipofiwa na mume wangu. Nilikuwa msusi mpaka miguu ikavimba, nikafunga duka. Jioni nyingi nashuka kwao kunywa chai, na kumtania Iraj imekuwa kama dawa yangu ya presha. Alifundisha historia sekondari ya wavulana maisha yake yote ya kazi. Kila mwaka aliwapandisha kitini wafalme walewale, akawapiganisha, akawaua, na mwaka uliofuata akawafufua mbele ya watoto wengine waliosinzia kama wenzao waliotangulia. Hata alipokuwa kijana alikuwa na sura ya mtu aliyekosa usingizi. Alipostaafu hakuonekana kupumzika, alionekana tu kukaa chini.

Na adabu! Sisi Wairani kwa adabu hatujambo, hilo linajulikana. Ukipewa kitu unakataa, ukipewa tena unakataa, na mara ya tatu ndipo wote wawili mnaanza kupima nani anasema kweli. Lakini Iraj alipitiliza. Siku moja yeye na mwalimu wa jiografia walipishana langoni mwa shule, tafadhali tangulia wewe, la, hasha, wewe ndiwe mkubwa, mpaka kengele ikalia wakiwa nje na wanafunzi wakiwachungulia madirishani. Koti lake zuri la sufu liliondoka mwilini kwa sababu binamu yake alilisifu. Mtu akisifu kitu chako unamwambia "ni chako," naye aseme "kimpendeze mwenyewe," yaishe. Binamu hakusema. Iraj akarudi nyumbani na sweta kwenye baridi, na Mahin hakumsemesha mpaka alipopona mafua.

Na kitabu pia kiliondoka hivyo hivyo. Rafiki yake mkubwa, marehemu Keyvan, aliyekaa miaka mingi katika ofisi ya nyaraka za mji akila vumbi, aliandika kitabu kinene juu ya watu wa kawaida wa Hamadan ya zamani: waokaji mikate, watumishi wa hamamu za kuogea, wachimba mifereji, wadabaghi wanaotengeneza ngozi. Zilichapwa nakala chache, karatasi mbaya, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Keyvan alimpa Iraj nakala yake. Iraj akaiweka mezani shuleni, akisema ataisoma kwa utulivu likizoni. Mkuu wa shule akapita, akasema, "Kitabu kizuri hiki!" Iraj akasema, "Ni chako." Mkuu wa shule akakichukua, na miaka iliyofuata akahamishwa na akafa nacho.

Basi baada ya habari ya daktari Iraj alijipigia hesabu zake. Kwa kioo cha kukuzia, na macho yanayochoka upesi, majira ya baridi yangemtosha kitabu kimoja kinene. Hakuna cha pili. Nilishuka asubuhi moja nikakuta vitabu vyote vimetandazwa juu ya zulia, yeye katikati amepiga magoti.

"Shemeji, umehamisha ukoo?"

"Nachagua."

"Chagua chembamba, ukimalize."

"Huyu," akanyanyua kimoja, "anajua kila kitu juu ya kodi za wakati wa Wamongoli. Lakini hampendi mtu hata mmoja. Huyu anawapenda watu, ila anadanganya. Huyu ameandika juu ya misafara ya biashara, kurasa mia sita, na hakuna ngamia anayekunya."

Mahin alikuwa mlangoni na sinia. "Na huyu wa zambarau?"

"Huyo ni msomi kweli. Ukimsoma unaelewa jinsi himaya inavyoanguka. Lakini nikishaelewa, Mahin, niende nayo wapi?"

Alivigusa kimoja kimoja, akivisogeza kulia au kushoto, na kila kilichokwenda kushoto kilionekana kumuuma. Mimi nilimaliza chai yangu na vipande vya sukari vyote. Mwishowe upande wa kulia hakukubaki kitu.

"Ninachokitaka hakimo," akasema.

Alitaka kile kitabu cha Keyvan, sura ya wadabaghi. Babu yake alikuwa mdabaghi ngozi, kule kandoni mwa mto, na hilo mimi nilikuwa sijui hata baada ya miaka yote ile ya kula sahani moja. Jina lao la ukoo lilikuwa Dabbaghi. Baba yake Iraj, alipopata kazi ofisini, akaenda kulibadilisha, wakawa Golestani. Kutoka harufu ya ngozi mbichi mpaka bustani ya waridi kwa muhuri mmoja tu! Na mtoto akiuliza habari za babu, alichapwa. Babu mwenyewe alikufa kabla Iraj hajazaliwa. Hakuacha picha wala kaburi lenye maandishi, na aliyemkumbuka alikatazwa kumtaja.

"Wafalme nawajua mpaka majina ya mama zao," Iraj akasema. "Babu yangu sijui hata alikuwa anaamka saa ngapi."

Alisema hivyo akitazama zulia, na nikamwonea huruma, nikamjazia chai.

Sasa kitabu kile kilibaki sehemu moja tunayoijua, kwa mjane wa Keyvan, Bi Tuba. Nakala ya maktaba ya mji ilishachanika na kutupwa. Tukasikia Bi Tuba atahama baridi ikiisha, aende kuishi chumba kimoja, na vitabu vya marehemu vyote vitachukuliwa na chuo kikuu. Mahin magoti yake hayapandi ngazi, na haipendezi mwanamume aende peke yake kwa mjane, kwa hiyo nikavaa viatu vya theluji nikamsindikiza.

Bi Tuba alitukaribisha kwenye kursi, kile kimeza chetu cha baridi chenye jiko chini na mfarishi mzito juu. Tukaingiza miguu, tukaletewa chai na jamu ya tufaha. Tukamwombea marehemu. Kisha akainuka akafungua kabati za vioo.

"Mwalimu, kabla watu wa chuo hawajaja, chagua. Keyvan alikuwa akikuita ndugu. Chukua chochote."

"Mungu akuweke, Bi Tuba. Mimi nimekuja kukujulia hali tu."

"Najua. Chagua."

"Sihitaji kitu. Vitabu vinanifukuza nyumbani."

"Utanivunja moyo, Mwalimu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hata kipofu angeuona, na yeye alikuwa bado hajawa kipofu. Kitabu kilikuwa palepale dirishani, jalada la kahawia, mgongo umebanduka. Nilimwona anakitazama kwa pembeni kama anavyotazama vitu siku hizi. Nikamkanyaga mguu chini ya mfarishi.

"Basi," akasema, "chochote unachoona wewe kinafaa."

Nilitamani kulia. Maana Bi Tuba naye ni mtu wa watu, na ukiwa na adabu humpi mgeni kitabu kilichobanduka mgongo. Ungempa tusi. Alisimama juu ya kiti, akashusha juzuu sita za historia ya wafalme, majalada ya ngozi nyekundu, maandishi ya dhahabu, kitu cha fahari kuliko vyote chumbani. Iraj akasema, "Hapana, hii ni nyingi mno," na safari hii alimaanisha, lakini nani angejua? Bi Tuba akazifunga kwenye shuka. Dereva wa teksi alituuliza kama tumebeba matofali.

Mahin alilifungua furushi sebuleni. Akazitazama zote sita.

"Umeniletea wafalme tena?"

"Alinipa yeye."

"Ulimwambia unataka nini?"

"Ningemwambiaje, Mahin? Mwanamke amefiwa, mimi nimnyooshee kidole: kile pale, nipe?"

"Ndiyo," nikasema mimi. "Hivyohivyo, na kidole chako hichohicho. Mficha uchi hazai, shemeji."

"Nina watoto wawili."

"Hao aliwatafuta Mahin."

Dada yangu alicheka, kisha akakumbuka kuwa amekasirika.

Iraj alijaribu. Hilo nimpe. Aliketi dirishani na kioo chake, akasema msomi huyu ni mkubwa, ana ushahidi wa sarafu, ana ushahidi wa mawe, si wa kudharauliwa. Akasoma mfalme alivyouteka mji. Siku zikapita, mfalme mwingine akauteka mji uleule. Jioni macho yalimtoka machozi kwa uchovu, Mahin akayakanda kwa kitambaa cha chai baridi, na kila tulipomuuliza amefika wapi alijibu, "Wamezingira." Nilianza kuwachukia wale watu waliokufa zamani. Walikuwa wanakula macho ya mtu wetu, na walishakula maisha yake yote darasani.

Asubuhi moja akafunga juzuu ya kwanza. "Nimewabeba hawa tangu nilipokuwa na nywele," akasema. "Sitaki wawe ndio wanaonizika. Nahid, vaa koti."

Njiani nilimwambia nitasema mimi, mimi sina aibu, nimesuka vichwa vya matajiri nikiwaambia wana chawa. Akakataa. Alitembea kwenye barafu kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Kwa Bi Tuba kabati zilikuwa tayari tupu, chuo kimeshakuja, na alama za vitabu zimebaki ukutani. Dirishani hakukuwa na kitu. Iraj hakuketi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, theluji ikimyeyukia shingoni.

"Bi Tuba, nimekuja kuomba. Kile kitabu cha Keyvan. Nilikitaka siku ile, nikaona haya. Macho yangu yanakwisha, na nataka nisome hicho kabla. Kama kimeshakwenda, basi."

Bi Tuba akawa mwekundu. Akatazama chini. Kisha akapenyeza mkono chini ya mfarishi wa kursi, akakitoa, kina joto la jiko.

"Mwalimu, na mimi nikwambie kweli? Siku ile nilikwambia chukua chochote, na moyoni nilikuwa namwomba Mungu usikitaje hiki. Ulipoacha nichague mimi, nilipanda kitini mbio mbio kushusha vile vikubwa."

Nikajikuta nacheka, na Bi Tuba naye, lakini yeye alikuwa na machozi. Akatueleza. Aliolewa mdogo, akakatishwa shule, kusoma alijifunza ukubwani, masomo ya jioni. Anasoma polepole, na herufi zile ndogo zinamshinda. Ukoo wa mama yake walikuwa waokaji mikate, naye alijua wamo kitabuni kwa sababu Keyvan alimuuliza maswali juu yao mezani. Miaka yote alimwomba amsomee ile sura. Keyvan alisema kesho, nina kazi. Alikuwa mtu mwema, akasema Bi Tuba, lakini kesho yake haikufika.

"Basi nitakusomea mimi," Iraj akasema. "Kitabu kibaki hapa, ni chako. Nitakuja nikusomee kwa sauti, nami nitakuwa nimesoma."

Niliona jinsi uso ulivyomfunguka, na nikafurahi kweli. Mbona tulikuwa tumefika!

"Tuanze na sura ipi?" akauliza.

"Unayotaka wewe, Mwalimu."

"La, hasha. Kitabu chako, nyumba yako. Chagua wewe."

Wakaanza na waokaji.

Ile ndiyo ikawa kazi ya majira yale ya baridi. Tulikwenda kila hali ya hewa iliporuhusu, yeye akisoma, Bi Tuba akimenya jozi, mimi nikifuma soksi na kusinzia. Mguu ndani ya kursi, masikio nje. Alisoma polepole sana. Alikuwa anageuza kichwa kando ili aliwinde neno kwa ukingo wa jicho, kama kuku anavyotazama punje. Ukurasa mmoja ulimtoa jasho.

Na nisiwe mchoyo, sura ya waokaji ilikuwa nzuri. Keyvan aliandika kwamba mwaka wa njaa kuu, mwokaji aliyechanganya unga na vumbi la mbao alipigiliwa msumari sikioni, kwenye mlango wa duka lake, akae hapo mpaka jua lizame.

Bi Tuba aliachia jozi. "Sikio lipi?"

"Haandiki lipi."

"Babu yangu alikuwa na tundu sikioni! La kupita kidole! Alituambia aliumwa na punda!" Akashika mdomo. "Mzee mwongo yule! Punda gani anauma katikati ya sikio?" Akacheka mpaka akainamia kursi, kisha akalia, kisha akacheka tena, akamtaka Iraj arudie palepale. Alirudia. Jioni ile Bi Tuba alitubusu sote wawili mashavu, mimi kweli na Iraj hewani, akasema sasa anajua. Nilitembea nyumbani nikiwaza jinsi mtu mzima wa miaka sabini anavyoweza kupewa babu yake upya.

Sura ikaisha. Iraj akauliza, "Sasa ipi, Bi Tuba?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Haiwezekani. Tafadhali."

Bi Tuba akapitisha kidole kwenye yaliyomo, akachagua wachimba mifereji. Sura ndefu kupita zote. Mimi nikamtazama Iraj. Iraj akasema, "Umechagua vizuri sana."

Njiani nikamshika mkono, kwa sababu ya barafu na kwa sababu ya hasira.

"Kwa nini husemi wadabaghi?"

"Zamu yao itafika."

"Na macho yatafika?"

"Nahid, amenipa kitu alichokuwa amekificha. Siwezi tena kumpangia."

"Hupangi, unaomba. Neno moja."

"Nimeshaomba mara moja," akasema. "Sina nguvu ya pili."

Nilifikiri ni ujinga, na mpaka leo nafikiri ni ujinga, lakini nilijua pia uchovu wa namna ile. Kuna watu kuomba kunawatoa damu.

Wachimba mifereji wakachukua wiki na wiki. Waliingia chini ya ardhi na taa za mafuta, wakavaa nguo nyeupe ili wakifukiwa wawe wameshajisetiri kwa sanda. Bi Tuba alisema "maskini" kila mahali palipostahili. Baada yao, watumishi wa hamamu. Baada yao, watengeneza mazulia ya manyoya yaliyokandamizwa, ambao hata Keyvan mwenyewe, nadhani, walimchosha. Kila mara Iraj aliuliza, kila mara Bi Tuba alimrudishia, kila mara Iraj alimshurutisha, na Bi Tuba akachagua. Mimi niliamka katikati ya manyoya nikasikia sauti ya Iraj imekwama, imerudi nyuma mstari, imekwama tena. Mahin alianza kumwambia asiende, apumzike. Alisema anakaribia. Wadabaghi walikuwa sura inayofuata kitabuni. Angefika kwao kwa mpangilio tu, bila kumwomba mtu.

Siku ile theluji ya paa ilikuwa inadondoka matone, na jua liliingia mpaka kwenye sinia. Iraj alimaliza watengeneza mazulia. Akafunua ukurasa. Safari hii hakuuliza, na Bi Tuba hakusema. Akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Akasogeza kioo karibu, akakipeleka mbali. Niliacha kufuma.

"Mwalimu, nikuongeze chai?" Bi Tuba akauliza, akidhani amepumzika.

"Ahsante," akasema. "Ndiyo. Chai." Akafunga kitabu polepole na kukisukuma upande wa mwenyewe. "Leo nimechoka kidogo. Kitabu kizuri mno, Bi Tuba. Mungu amrehemu mumeo."

Akanywa chai yote. Akamshukuru kwa majira mazima ya baridi. Mlangoni akashindwa kuvipata viatu vyake, nikamvalisha. Barabara nzima nilimwongoza kwa kumshika mkono. Alipofika nyumbani alimwambia Mahin, "Yamekwisha," akaingia chumbani, akalala na koti.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Alikula alichopewa na kujibu alichoulizwa. Redio tulimwashia, akasikiliza hali ya hewa ya miji yote. Mahin akaniambia kwenye ngazi, "Nahid, huyu anazimika, na mimi sijui nishike wapi." Dada yangu hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Bi Tuba peke yangu. Nilimweleza yote: macho yaliyokwisha siku ile mbele yake, babu, jina lililobadilishwa, sura ya wadabaghi. Alinisikiliza akiwa amesimama, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kukaa chini, mpaka akawa kwenye zulia.

"Mimi niliridhika na waokaji," akasema. "Siku ile ya sikio nilikuwa nimeshapata changu. Zile nyingine zote nilizichagua kwa ajili yake. Mifereji, hamamu... Nilifikiri msomi kama yeye anapenda zilizo ndefu. Nilikuwa nasikiliza nikiomba ziishe, nikaona haya kumwambia." Akaanza kujipiga paja. "Mungu wangu! Nimemmaliza macho kwa manyoya!"

Nilimwambia asijilaumu, walikuwa wawili. Sikuwa na nguvu ya kumliwaza zaidi. Akakichukua kitabu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Sikusema ni kingi mno, sikusema kibaki kwako, sikumtakia marehemu chochote. Nilikipokea na kukitia ndani ya koti.

Iraj alikuwa ameketi dirishani, kichwa amekigeuza kando, akitazama nadhani kivuli cha mlima. Nikavuta kiti. Mahin alikuwa nyuma yangu na taulo mkononi. Mimi kusoma si kazi yangu, nasoma magazeti na vipimo vya rangi za nywele, na koo langu si la kusomea watu. Nilijua pia desturi. Nitasema nikusomee, atasema usijisumbue. Nitasema si sumbuko, atasema macho yako pia yamechoka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana mpaka mara ya kumi.

"Shemeji, ninacho hapa. Nikusomee wadabaghi?"

"Ndiyo," akasema.

Mahin akaketi kitandani na taulo lake.

Nikasoma. Sura yenyewe ilikuwa fupi, kurasa chache tu, fupi kuliko zote. Wadabaghi walikaa chini ya mji ili harufu yao isiwapande wakubwa. Waliloweka ngozi kwenye chokaa, wakazilainisha kwa mavi ya njiwa, wakazitia maganda ya makomamanga. Waliamka kabla ya adhana ya alfajiri, maana maji ya mto yalikuwa yao mpaka jua lichomoze tu, kisha yalikuwa ya wengine. Mikono yao ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko na haikusafishika. Kwenye harusi walipewa nafasi karibu na mlango. Watoto wao walijulikana shuleni kwa kunuswa. Nilikwama kwenye maneno magumu, nikaruka moja, nikarudi kulisoma nilipoona amegeuza shingo.

Nilipomaliza alikuwa analia, waziwazi, bila kujifunika.

"Kuna jina?" akauliza. "La mtu yeyote?"

Nilipekua kurasa zote mbele na nyuma. Nilitamani sana liwepo. Ningeweza kumtungia, hangejua, na nilifikiri kufanya hivyo.

"Hakuna, shemeji. Hakuna jina hata moja."

Akatikisa kichwa, polepole. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya goti, na kwa dole gumba la mwingine alikuwa anausugua, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Kabla ya alfajiri," akasema. "Kwa hiyo alikuwa anaamka kabla ya alfajiri."

Koo lilikuwa limenikauka, macho yananiwasha, na miguu yangu imevimba viatuni. Nikafunga kitabu nianze kuinuka.

"Soma tena," Iraj akasema.

"Yote?"

"Yote."

Hakusema tafadhali, hakuniomba radhi kwa kunichosha. Nikafungua, nikasoma tena.